Ukisema "nimekipima", umepima nini? Somo la priampu ya gitaa iliyochelewesha sauti

Leo sina mbinu ya kupiga picha wala ya kuandika tangazo. Leo naleta kesi yangu mwenyewe, ya kifaa nilichouza nikiwa na uhakika kabisa kwamba ni kizima, na mteja akaaibika nacho mbele za watu. Ukiuza chochote chenye swichi, soma mpaka mwisho.

Kwa mgeni kwenye ukurasa: nauza vyombo vya muziki vilivyotumika, kwa WhatsApp na Instagram, nikiwa Dar. Gitaa, spika, maikrofoni, amplifaya, mazagazaga yote ya bendi na kwaya.

Jumapili moja, saa nane mchana, nikapata ujumbe kutoka Dodoma:

"Dada, hiki kitu ulichoniuzia kimeniaibisha leo. Nikikanyaga kubadili chaneli sauti inapotea. Ikirudi, wimbo umeshanipita."

Kitu chenyewe ni priampu ya gitaa. Ni kiboksi kinachokaa kati ya gitaa na amplifaya. Sauti inayotoka kwenye gitaa la umeme ni dhaifu sana, priampu inaikuza na kuipa ladha. Hii ilikuwa na chaneli mbili: moja safi, nyingine nzito ya kukwaruza, ile ya kupigia solo. Unabadili kwa kubonyeza kitufe cha mbele au kwa kukanyaga swichi ya mguu.

Nilikinunua 260,000, nikakiuza 380,000. Nilikuwa nimeshaiandika faida ya 120,000 kwenye daftari, na pesa yenyewe ilikuwa imeshaingia kwenye mzigo mwingine.

Kosa langu la kwanza nililifanya ndani ya dakika mbili. Nilimjibu: "Kaka, nilikipima vizuri kabla ya kutuma. Angalia waya zako."

Akajibu maneno mawili: "Sawa dada."

Wenzangu mnalijua hilo "sawa dada". Halina maana kwamba amekubali. Maana yake anaondoka, na akishaondoka atawasimulia wapiga gitaa wote anaowafahamu.

Video yangu ilinisuta

Nikaamua kumtumia video niliyorekodi siku ya kupima, nimwonyeshe kwamba kitu kilikuwa kizima. Kabla ya kutuma nikaiangalia. Sekunde ishirini za kwanza gitaa linalia kwenye chaneli safi, safi kweli. Halafu video imekatwa. Halafu sekunde ishirini nyingine linalia kwenye chaneli nzito, vizuri kabisa.

Nilisimamisha kurekodi ili nibadili chaneli. Yaani nilikata palepale kwenye ugonjwa.

Kwa hiyo sikudanganya niliposema nimepima. Nilipima chaneli ya kwanza, nikapima ya pili. Kuhama kutoka moja kwenda nyingine sikukupima hata mara moja, na mpiga gitaa ananunua priampu ya chaneli mbili kwa ajili ya kuhama huko.

Nikampigia simu. Nikaanza na samahani, ndipo tukaanza kutafuta tatizo. Hapa chini ni njia tuliyopita, na unaweza kuitumia hata kama mteja yuko mbali.

Maswali manne kabla ya kugusa chochote

Neno "inachelewa" linabeba magonjwa mengi tofauti. Usimwambie mteja afanye lolote kabla hujajua anamaanisha lipi.

1. Inachelewa muda wote, au wakati wa kubadili tu? Kama kila ukigusa waya sauti inakuja nyuma, usiilaumu priampu kwanza. Angalia kama anasikilizia kwenye spika ya Bluetooth au kupitia kompyuta, maana hivyo vina ucheleweshaji wao wenyewe.

2. Ukibadili, sauti inakatika na kurudi ghafla, au inapanda polepole? Kurudi ghafla kunaelekeza kwenye sehemu inayonyamazisha sauti kwa makusudi, au kwenye kifaa cha kidijitali kinachopakia mpangilio mpya. Kupanda polepole ni habari nyingine, nitaieleza chini.

3. Inatokea pande zote mbili? Kama ni kwenda tu na si kurudi, tatizo huenda liko kwenye njia ya chaneli moja. Kama ni kwenda na kurudi, tafuta kitu ambacho chaneli zote mbili wanakitumia.

4. Inatokea kifaa kikiwa cha baridi, au kikishapata moto, au wakati wote?

Majibu yake: wakati wa kubadili tu, kimya kabisa halafu sauti inarudi ghafla, kwenda na kurudi, wakati wote. Urefu wake? Akasema "kama sekunde hivi". Nikamwomba afungue metronomu kwenye simu, aiweke mapigo 60 kwa dakika, apige na kubadili huku anarekodi video. Kwa mwendo huo kila pigo ni sekunde moja. Nikasikia pigo zima linapotea.

Sekunde moja inaweza kuonekana ndogo. Lakini wimbo wa sifa unaokwenda mapigo 120 kwa dakika, sekunde moja ni mapigo mawili. Anapoingia kwenye solo, mapigo mawili ya mwanzo hayapo. Hapo nikaelewa aibu yake.

Kutafuta kutoka nje, kitu kimoja kimoja

Kanuni ni moja: badilisha kitu kimoja, jaribu, andika jibu, ndipo uende kwenye kingine. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo na tatizo likaondoka, hutajua kipi kilikuwa mchawi.

Hatua ya 1: kitufe cha mbele. Nilimwambia achomoe swichi ya mguu kabisa na abadili kwa kidole. Ziko swichi za mguu za aina mbili: ile inayobaki chini mpaka uikanyage tena, na ile inayorudi yenyewe ukiinua mguu. Ukiweka aina isiyotakiwa, kifaa kinaweza kukuhitaji ukanyage mara mbili, au kibadilike unapoinua mguu badala ya unapokanyaga, na wewe ukadhani kinachelewa. Jibu lake: kwa kidole ni vilevile. Swichi ya mguu haina hatia.

Hatua ya 2: umeme. Asome maandishi ya kwenye adapta na ya kwenye kifaa. Volti zilingane. Miliampea za adapta ziwe sawa na zinazotakiwa au zaidi. Alama ya chanya na hasi kwenye ncha ya plagi ilingane pia. Adapta dhaifu inaweza kuwasha taa vizuri, lakini ikashindwa pale kifaa kinapohitaji nguvu ya ziada ya kubadili. Zake zililingana. Akachomeka moja kwa moja ukutani bila ekstensheni, hali ikawa ileile.

Hatua ya 3: jeki za nyuma. Priampu nyingi zina jeki mbili za kuunganishia kifaa cha efekti, moja ya kutoa sauti na moja ya kuirudisha. Ndani ya ile ya kurudisha kuna kibati kidogo kinachopitisha sauti pale ambapo hujachomeka kitu. Kibati hicho kikishika kutu, hasa huku kwetu pwani, sauti inakatika ovyo. Jaribio ni jepesi: unganisha jeki hizo mbili kwa kebo fupi. Kama tatizo linaisha, umempata. Kwetu halikuisha.

Hatua ya 4: ondoa kila kitu. Gitaa, kebo, priampu, kebo, amplifaya, basi. Yeye alikuwa na kifaa cha kidijitali cha efekti mbele ya amplifaya. Vifaa vya namna hiyo vingi hunyamaza kidogo vikihama kutoka mpangilio mmoja kwenda mwingine, na wala si ubovu. Akakitoa. Sauti ikaendelea kupotea.

Hatua ya 5: weka sikio kwenye boksi. Ndani ya priampu nyingi kuna rilei, swichi ndogo inayosukumwa na umeme, na ikibadilika inatoa mlio mdogo, "tik". Nikamuuliza: ukibonyeza, tik inasikika papo hapo, au nayo inachelewa? Kama tik yenyewe inachelewa, amri ya kubadili inafika kwa kuchelewa, tafuta kwenye umeme au kwenye kitufe. Kama tik ni papo hapo na sauti ndiyo inayochelewa, chaneli zimeshabadilika, ila kuna kitu kinaizuia sauti isitoke.

Akanyamaza kidogo. "Dada, tik ni papo hapo."

Hapo ubishi wangu wote uliisha. Ugonjwa ulikuwa ndani ya kifaa nilichokiuza mimi.

Usimwambie mteja afungue

Wengi tunakosea hapa kwa kutaka kuokoa nauli. Mteja anasema "naweza kufungua niangalie", nasi tunasema sawa.

Sababu ya kwanza ya kukataa ni usalama. Priampu za taa za kioo zina umeme wa volti mia mbili na zaidi ndani yake, na kapasita zinaweza kuushikilia umeme huo hata baada ya kuchomoa plagi. Hii yangu haikuwa ya taa, lakini mimi na wewe ni wachuuzi. Mteja aliye mbali tusimfundishe kufungua vitu ambavyo hata sisi hatuvifungui.

Sababu ya pili ni ya biashara. Akishafungua, hakuna tena wa kusema kwa uhakika nani aliharibu nini.

Nikampa chaguo mbili: pesa yake yote irudi, au kifaa kirudi Dar kwa gharama yangu, kitengenezwe ndani ya siku tano, na kisipopona pesa irudi. Akachagua matengenezo. Kesho yake mzigo ukapanda basi.

Alichokikuta fundi

Nilimpelekea mzee mmoja anayetengeneza redio na amplifaya. Sikumwambia tu "mzee, hii mbovu, angalia". Nilimpa karatasi yenye majibu ya maswali manne na hatua tano. Aliisoma, akacheka, akasema kazi ya nusu siku nimeshaimaliza.

Akanieleza hivi. Ukibadili chaneli bila kinga, spika inaweza kutoa mlio mkali, "pwa!". Kwa hiyo watengenezaji wanaweka sakiti ya kunyamazisha: ukibonyeza, sauti inafungwa kwa muda mfupi sana, chaneli zinahama kwa nyuma, halafu sauti inafunguliwa. Ni kama mtu anayejaza maji, anafunga bomba kwanza ndipo ahamishe mpira kutoka ndoo hii kwenda ile, ili maji yasimwagike. Kifaa kikiwa kizima, kule kufunga na kufungua ni kufupi mno, mpigaji hakusikii.

Muda wa bomba kufungwa unapangwa na vitu viwili vidogo: rezista na kapasita. Kapasita ni kama ndoo, rezista ni kama bomba jembamba linaloijaza. Ndoo ikiwa kubwa, inachelewa kujaa. Hesabu yake ya makadirio ni kuzidisha: rezista ya kiloomu 100 na kapasita ya mikrofaradi 1 inakupa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Rezista hiyohiyo na kapasita ya mikrofaradi 10 inakupa sekunde nzima.

Alipofungua, kapasita ya sehemu hiyo haikufanana na wenzake. Rangi yake tofauti, na lehemu yake inang'aa kuliko ya jirani zake. Imeandikwa 10. Mchoro wa sakiti unataka 1.

Kumbe kifaa kilishapita kwa fundi mwingine kabla hakijafika kwangu. Labda hakuwa na saizi inayotakiwa, akaweka aliyokuwa nayo. Priampu ikalia chaneli zote mbili, naye akaridhika kama nilivyoridhika mimi.

Mzee akaweka ya mikrofaradi 1, yenye kiwango cha volti kisichopungua cha mwanzo, akaangalia upande wa chanya na hasi, akafunga. Tukabadili chaneli mara ishirini, kwenda na kurudi. Hakuna kimya, hakuna "pwa". Kapasita shilingi 500. Ufundi 15,000.

Kama dalili ni nyingine

Nimemuuliza mzee kwa faida yenu, mnaouza vitu hivi:

Sauti inapanda au inashuka polepole baada ya kubadili: baadhi ya priampu hazitumii rilei, zinatumia taa ndogo inayomulika kipande kinachohisi mwanga. Vipande hivyo kwa asili si vyepesi kubadilika, na vikichoka au taa ikififia vinazidi uzito.

Mlio wa "pwa" kila ukibadili: mara nyingi kuna kapasita inayovujisha umeme mahali ambapo ilitakiwa kupitisha sauti tu, au ile sakiti ya kunyamazisha haifanyi kazi.

Sauti hairudi mpaka ugonge boksi: tafuta rilei yenye mguso mchafu, jeki, au lehemu iliyopasuka.

Tik inasikika dhaifu au inachelewa: pima umeme wa ndani wakati wa kubadili. Kapasita kubwa za umeme zikikauka kwa uzee, volti zinaweza kuanguka kila rilei inapovutwa.

Hesabu ya kesi

Kurudisha mzigo Dar, 10,000. Kuupeleka tena Dodoma, 10,000. Fundi na kapasita, 15,500. Jumla 35,500. Faida yangu ya 120,000 ikabaki 84,500.

Angechagua pesa, ningetakiwa kutoa 380,000 ambazo sikuwa nazo mkononi, ningeanza kukopa. Kuanzia hapo nimejiwekea utaratibu: pesa ya kila kifaa cha umeme nilichouza siigusi faida yake kwa siku saba. Mteja akinyamaza siku saba, ndipo naihesabu kuwa yangu.

Na kuna gharama ambayo haimo kwenye daftari. Jumapili iliyofuata yule kaka alipiga bila priampu yake, kwa sababu ilikuwa mezani kwa fundi. Hiyo sikuweza kumlipa.

Ninavyopima sasa

Vitu vingi vikiwa vimetulia vinaonekana vizima. Ubovu unajionyesha vinapobadili hali. Feni inazunguka vizuri namba moja na namba tatu, inakwama ukihama. Simu ina kamera mbili nzuri, inaganda ukigeuza kutoka ya nyuma kwenda ya mbele. Cherehani inashona mbele safi, ukiirudisha nyuma inakata uzi. Friji linagandisha, ila umeme ukikatika na kurudi linagoma kuwaka.

Kwa hiyo, kabla ya kununua na kabla ya kuuza:

Orodhesha kila mahali kifaa kinapobadili hali, kisha kibadilishe mara kumi, kwenda na kurudi.

Rekodi video moja isiyokatwa. Anza na namba ya kifaa, kichomeke, kitumie, kibadilishe. Ukikata video, mteja ana haki ya kuuliza ulikata nini.

Kwenye tangazo usiandike "kiko fresh kabisa". Andika ulichofanya. Mimi sasa naandika hivi, unaweza kunakili: "Nimepima chaneli zote mbili, nimebadili mara kumi kwa kitufe na mara kumi kwa swichi ya mguu. Sijafungua ndani. Ukipata tatizo ndani ya siku saba, usifungue, nipigie."

Na malalamiko yakija, jibu la kwanza lisiwe kujitetea. Liwe swali: "Pole sana kaka, inatokea wakati gani hasa?" Swali hilo lingeniokolea lile "sawa dada".

Kifaa kilipofika Dodoma alinitumia video ya sekunde kumi na tano. Chaneli safi, anakanyaga, solo inaingia palepale kwenye pigo. Chini yake akaandika: "Dada, kebo ya mita sita unayo?"

Ninayo, nikamjibu, na nimeipima huku naikunja na kuikunjua.

Sasa zamu yako. Andika kwenye komenti unauza nini, na kinabadili hali wapi. Tusaidiane kutengeneza orodha ya kupimia kabla mteja hajatupimia yeye.